Kwa Nekesa, Anayekwenda Kuishi Nyumba ya Kampuni

Nekesa, mama yangu,

Nakusikia huko chumbani ukipima sanduku, unatoa viatu, unavirudisha, unavitoa tena. Sitakuandikia habari za sweta wala dawa ya mafua. Hayo Mama Furaha ameshakueleza kwenye simu hadi masikio yamekuuma. Nimekaa hapa jikoni kwa sababu jana uliniomba neno moja, nami nikainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ulisema, "Mum, just say it. Ukisema nibaki, nitabaki. But you have to say it."

Nikafungua maji. Leo kutwa nzima pia sikukujibu; nimekupikia, nimekufulia, nimekukaripia kwa kuacha taa ya bafuni, kila kitu isipokuwa jibu. Ndege ni kesho asubuhi. Basi jibu liko humu, lakini itabidi univumilie, maana unanijua: hata nikienda kununua maziwa pale stesheni narudi na habari za mtaa wetu wote wa Quakers Hill, hapa Sydney.

Kwanza jua kwamba naogopa. Sisemi wasiwasi wa mama, ule wa kuuliza kama umekula. Naogopa ugonjwa huu wa korona, ambao nimeuona kazini, kwenye makao ya wazee, ukiingia kwa wazee wangu chumba baada ya chumba, na watoto wao wamesimama nje ya dirisha na maua ambayo hatukuruhusiwa kuyapokea. Naogopa mpaka wa nchi uliofungwa, kwamba umepata ruhusa ya kutoka na hakuna anayeweza kutuambia utapata lini kiti cha kurudi. Naogopa Marekani yenyewe unakokwenda, na jinsi mtu wa rangi yetu anavyoweza kutoka kununua mkate na asirudi. Ukiniuliza kwa nini nafungua televisheni kila asubuhi na kuizima kabla habari hazijaisha, ni hiyo.

Na katika dunia hii yote pana, wewe umechagua kwenda kuishi katika nyumba ya kampuni.

Uliponionyesha zile picha kwa mara ya kwanza, ulikuwa na furaha kiasi kwamba hukuniangalia usoni. Vinyumba vya matofali vilivyopangwa mstari kwa mstari, kila kimoja na kibaraza chake mbele. Ukanieleza kwamba kampuni ya chuma iliwaleta watu weusi kutoka kusini mwa nchi, ikawajengea mtaa wao peke yao, mbali na mtaa wa wazungu wa kampuni hiyohiyo, ikachora hadi barabara na mahali pa kanisa. Kampuni ilishakwenda zake zamani. Wamebaki wazee wachache na nyumba nyingi tupu, na nyinyi wasanifu majengo mtazipima, mtazichora, mtazitengeneza kabla hazijabomolewa. Ukasema, "Isn't it beautiful, Mum? Somebody planned it." Mimi nilikuwa naangalia ule mstari tu. Nilikuwa nimeuona mstari ule kabla hujazaliwa.

Nimekuambia mara nyingi kwamba nilikulia kwenye majani chai huko Kericho, na wewe ukadhani nilikulia kwenye kijani kibichi kama cha kalenda. Tulikuwa tunaishi laini. Ndivyo zilivyoitwa zile nyumba: laini, na kila kambi ilikuwa na namba. Juu mlimani alikaa meneja, chini yake makarani, chini kabisa sisi, chumba kimoja na jiko nyuma. Nyanya yako, huyo unayebeba jina lake, alichuma chai. Babu yako alikuwa mtu wa boila kiwandani, na sijawahi kumwona mtu aliyeipenda nyumba kama alivyoipenda ile. Alipanda maua mlangoni. Alipaka chokaa kabla ya kuambiwa. Mwaka mmoja kampuni ilimpa blanketi kwa kuwa na nyumba safi kuliko zote kambini, na blanketi lile tulikatazwa kulilalia.

Kila mara palikuwa na ukaguzi. Nyapara alitangulia, mzungu au karani akafuata, wakaangalia chokaa, wakaangalia choo, halafu wakahesabu watu. Mgeni hakulala bila nyapara kujua. Shangazi yangu akija, asubuhi ya ukaguzi alitumwa msituni kuokota kuni, pamoja na godoro lake, na sisi watoto tulifundishwa kusema "tuko sita" kabla hata hatujajua kuhesabu. Sikuona ajabu. Nilidhani kila mtu duniani huhesabiwa kwake.

Ndugu za babu yako walimwambia miaka nenda miaka rudi, jenga nyumbani. Hata kibanda, jenga. Yeye alicheka. Alisema, nijenge nini Bungoma na mimi nina nyumba ya matofali yenye maji ya bomba? Walimwonea wivu, na yeye aliujua wivu wao na aliufurahia. Halafu boila ikamwunguza mapafu polepole, akafa. Kampuni haikuwa mbaya, nataka nisiisingizie. Ilitoa jeneza na lori. Ikatoa pia muda, hadi mwisho wa mwezi tuwe tumetoka, kwa sababu mtu mwingine wa boila alikuwa ameajiriwa na yeye pia alikuwa na watoto.

Haya mengine nilikukatia katikati kila ulipouliza. Kwetu mwanamume haingii kaburini akitokea nyumba ya ndugu yake. Lazima maiti yake iingie nyumbani kwake kwanza. Na baba yangu, mwenye blanketi la usafi, hakuwa na kwake. Kwa hiyo lori lilisimama barabarani na jeneza ndani, na ami zangu wakakata miti wakaanza kumjengea marehemu nyumba. Sisi watoto tulichota maji mtoni ya kukandia udongo. Tulikanda kwa miguu, nami nilikuwa na kamasi na machozi na udongo hadi magotini, na watu walitupita wakienda kumsalimia mjane. Jua lilipozama jeneza liliingizwa. Kuta zilikuwa mbichi. Ukiegemea, ulitoka na ukuta mgongoni. Nyanya yako alilala humo na sisi wote, kando ya baba, na nakumbuka hasira kuliko huzuni. Nilimkasirikia baba kwa sababu ya maua yale.

Pale niliapa kwamba sitalala kwa mtu tena. Na hapo ndipo makosa yangu yote yalipozaliwa, Nekesa, wala hayakuwa machache.

Nilipofika Sydney na wewe ukiwa mgongoni, na baba yako akarudi Nairobi baada ya mwaka wa pili kwa sababu alizozitoa yeye, sikutafuta rafiki wala kanisa. Nilitafuta nyumba. Nilichukua shifti za usiku kwa wazee, na za mchana kwa wazee wengine, na wewe ulilelewa na Mama Furaha ghorofa ya chini pale Guildford tulipopanga, hadi ukaanza kusema Kiswahili cha Kongo, na mimi badala ya kushukuru nikawa nakusahihisha. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hiyo kazi alinifanyia mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi na watoto wanne.

Na ile fleti ya Guildford, unakumbuka ajenti wa mwenye nyumba alivyokuja kukagua? Alikuwa kijana tu wa watu, ana tai na kamera. Lakini usiku wote kabla yake nilisugua sakafu. Wewe ulikuwa umebandika michoro yako ukutani, nyumba, nyumba, nyumba, kila moja na jua juu yake. Niliibandua yote nikaitupa kwenye pipa la nje ili ukuta usionekane na gundi. Ulipotoka shule hukulia. Uliniuliza tu kama wale watu wa ukaguzi hawapendi nyumba zako. Nilikujibu kitu, sikumbuki nini, na hukubandika tena kitu ukutani hadi ulipokwenda chuo. Nimeutunza ukuta wa mtu nisiyemjua, nikaukwangua moyo wa mtoto wangu. Hiyo nimeilipia, na bado nailipia.

Nikanunua hii ya Quakers Hill. Nikajenga na ya Bungoma, kubwa, vyumba vitano, mabati mekundu, ili siku yangu ikifika lori lisingoje barabarani. Mbuzi wa mlinzi ndio wanaolala humo. Ukinitania kwamba mama ana nyumba mbili na hana kochi la kukalia, nacheka, lakini unanichoma.

Nilidhani nimepona. Halafu wakaja wale askari.

Ni mwezi huu tu wa lokidauni, nilipokaa ndani kwa sababu mgonjwa wangu kazini alikutwa na korona. Waligonga, polisi mmoja na wanajeshi wawili, wamevaa barakoa, wanataka tu kuona uso wangu mlangoni na kuondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilisimama wima. Nikawaambia, kwa Kiingereza changu kizuri cha kazini, kwamba tuko wawili tu, mimi na binti yangu, hakuna mgeni, na jikoni ni safi, karibuni muangalie. Nikafungua mlango wote. Wakarudi nyuma hadi kwenye nyasi kwa kuniogopa, mimi mwenye virusi, na mimi nikawafuata nikiwaeleza kwamba hata kabatini wanaweza kuangalia. Yule askari mdogo alisema, "Ma'am, please, stay inside." Ukaja ukanishika mkono ukanirudisha ndani. Nilidhani utacheka. Hukucheka. Ulinikalisha hapahapa nilipokaa sasa, ukasema:

"Mum, hii ni nyumba yetu. Nobody's coming to count us. Umeogopa maisha yangu yote."

Nilitaka kukuambia huna adabu. Lakini ulikuwa umesema kweli, na tena ulikuwa unalia.

Kwa sababu mwaka jana pia ulikuwepo. Nyanya yako alipofariki, wewe ndiye uliyenifungulia ule ujumbe wa serikali kwamba nimeruhusiwa kusafiri kwenda kumzika. Ruhusa ilikuja, Nekesa. Kila mtu kanisani anajua kwamba mpaka ulinizuia, na sikuwasahihisha, na wewe hukuitoboa siri. Niliogopa nikitoka sitarudi, kazi itakwenda, nyumba itakwenda, wewe utabaki peke yako na mtihani wa mwisho. Nilihesabu kila kitu isipokuwa mama yangu. Tukamzika kwa simu. Uliegemeza simu kwenye mtungi wa sukari, na walipofika kaburini mtandao ukakatika, na ulipopatikana tena watu walikuwa wanakula. Hakuna siku ambayo sijafikiria hiyo nusu saa. Wazee wangu kazini wakiniita kwa jina, mara nyingine naitika kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Kwa hiyo uliponiambia habari za Marekani jioni ileile ya askari, nilichosikia mimi ni kwamba sasa zamu yangu imefika. Nitafia humu, na mtoto wangu ataegemeza simu kwenye mtungi wa sukari wa mtu mwingine.

Nilimpigia Mama Furaha nikitarajia aniunge mkono. Nilisema huyu mtoto hana huruma, anaondoka wakati wa tauni. Akasema, "Dada, mutoto haiko armoire, utamuweka mu coin abakie." Nikamwambia kabati langu hilo la kuwekwa pembeni limeshapata viza. Alicheka hadi akakohoa, na kila akikohoa siku hizi naogopa pia.

Kisha nikafanya jambo ambalo hujui. Jumapili ulipokuwa umetoka kutembea, niliichukua ile namba ya Bi Odessa, huyo ajuza utakayekaa kwake, nikampigia kwa video. Nilitaka nimwone uso. Nilikuwa nimejipanga kwa maswali ya kipolisi. Akatokea kwenye kioo, paji tu la uso na dari, hajui kushika simu, kama nyanya yako kabisa. Nilisahau maswali yote isipokuwa moja. Nilimwuliza kama kampuni ilikuwa inawakagua.

Aliteremsha simu nikaona macho yake. Aliniambia kulikuwa na mama mmoja wa kizungu aliyetumwa na kampuni, alivaa glavu nyeupe, akipitisha kidole juu ya milango ya kabati za jikoni. Mama yake Bi Odessa alikuwa akipangusa pale hadi siku aliyokufa, miaka mingi baada ya kampuni kuondoka na mama wa glavu kuzikwa. Akasema na yeye mwenyewe hupangusa. Nikamwambia habari za chokaa. Nikamwambia habari za shangazi na godoro msituni, na akacheka kicheko cha mtu ambaye naye aliwahi kumficha shangazi. Nilimwuliza ilikuwaje hawakufukuzwa. Alisema kampuni ilipotaka kuondoka ilitangaza kuziuza, na baba yake, ambaye kila mtu alimwona mjinga, alikwenda na majirani zake wakanunua nyumba zilezile walizokuwa wakihesabiwa ndani yake. Siku iliyofuata mama yake alitoboa ukuta wa jikoni akaweka dirisha. Hakukuwa na sababu. Alitaka tu kutoboa.

Sikulala usiku huo. Nimemchukia baba yangu karibu maisha yote kwa kuipenda nyumba isiyo yake, na kumbe kuna mahali watu waliipenda hivyohivyo, kwa chokaa na maua hayahaya, na bahati yao ikawa nyingine. Hakuwa mjinga. Alipenda alipokuwa. Kilichomponza si maua.

Bi Odessa aliniuliza swali moja tu kabla hajakata. Sio unasali kanisa gani, wala una umri gani. Aliniambia tangu ugonjwa uanze hajaingiza mtu ndani ya mlango wake, na anaogopa. Anaogopa kwamba utamletea, na anaogopa zaidi kwamba hutakuja. Halafu akauliza kama unakula bamia. Nikasema unakula, lakini hupendi iteleze. Akasema basi ataikaanga.

Sasa nije kwenye lile neno.

Nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema bila kukudanganya. Ningeweza kusema nenda, mama yako hana hofu, Mungu yupo. Mungu yupo, na nina hofu. Itakuwa hivyo kesho na keshokutwa, na ukinipigia simu na sauti yangu ikawa nyembamba, usikimbilie kukata tiketi. Ni mimi tu. Ndivyo ninavyosikika.

Lakini kuna kitu kimoja nakivunja leo, na nakiandika ili ndugu zangu wasije wakasema uliota. Nikifa na mpaka umefungwa, nizikwe hapa Sydney, bila kungoja. Usiombe ruhusa ya mtu. Nimeshamwambia mchungaji, nimeshamwambia Mama Furaha, na keshokutwa nitampigia mjomba wako aliye Bungoma, ambaye ataniambia mwacha mila ni mtumwa, na nitamwacha aseme hadi amalize. Mtu asinijengee kitu kwa siku moja. Mtu asinisafirishe. Nyumba ile ya mabati mekundu nitaiandikia barua nyingine, nadhani wakae watoto wa shule, mbuzi wamefaidi vya kutosha. Kama utaweza kuja, njoo. Usipoweza, kaa hapo ulipo, ulie na watu watakaokuwa karibu nawe, na ule. Sitaki uje ukae miaka ukifikiria nusu saa.

Nimemaliza.

Nenda, Nekesa.

Na kuhusu kesho: wanasema anayeingia airport ni msafiri peke yake. Hata wasingesema. Nitakushusha mlangoni na injini ikinguruma, na sitashuka garini. Usidhani nimekasirika, wala usinizungukie dirishani. Nikishuka nikakushika, nitakuambia ubaki, na wewe utabaki.

Ni mimi, mama yako,
Nanjala